Kaka, Maswali Niliyajua, Kifungu Ndicho Sikukisoma

Haya wandugu, nimerudi. Wiki ya kwanza ya semista, bumu bado halijaingia, nimekaa kwenye kimbweta hapa kampasi Dodoma naandika huku upepo wa Chimwaga unanijaza vumbi machoni. Mnaonifahamu mnajua nikirudi kutoka nyumbani huwa na hadithi za kuchekesha. Leo samahani, sina. Leo nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Nilikuwa Busi. Kwa wale ambao mkisikia Kondoa mnajua michoro ya mapangoni ya Kolo tu, Busi ni kata yetu huko huko Kondoa. Unaiacha lami ya kwenda Babati, unapanda gari, unakula vumbi mpaka ufike. Nilikwenda kusaidia kupiga alizeti na kupumzika. Alizeti tumepiga, kupumzika sikupumzika. Kisa ni mdogo wangu na pepa ya Kiingereza.

Nianzie mwaka jana. Likizo kama hii, mdogo wangu wa kike alikuwa Kidato cha Nne, shule ya kata, moja ya zile zilizosambaa nchi nzima baada ya mpango wa MMES wa 2004. Novemba alikuwa anaingia kwenye mtihani wa taifa. Akaniambia, "Kaka, ufahamu wa Kiingereza unanitesa. Kifungu cha habari nikikiona tu kichwa kinauma. Nisaidie."

Mimi nikajiona profesa. Niko chuo bwana! Nikamkalisha, nikamwaga nondo zote nilizowahi kupewa tuisheni wakati wangu. Nadhani wengi wenu mnazijua, maana zinazunguka nchi nzima kama desa:

Moja, usianze na kifungu, anza na maswali. Mbili, chukua neno kubwa kwenye swali, litafute ndani ya kifungu, ukilipata nakili sentensi nzima, hapo jibu lipo. Tatu, neno usilolijua liruke. Nne, kwenye maswali ya kuchagua, ukikwama chukua jibu refu. Tano, usipoteze muda kusoma chote.

Akaandika yote kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, akapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nikapanda gari nikarudi chuo nikijiona nimetoa sadaka.

Januari matokeo yakatoka. Division four. Kiingereza F. Akanipigia simu jioni.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi usimwambie mama kwanza." Akanyamaza kidogo, halafu akasema maneno ambayo mpaka leo yananikaa kooni. "Kaka, maswali niliyajua yote. Kifungu ndicho sikukisoma. Si ulisema nisipoteze muda?"

Wandugu, we acha tu.

Ndiyo maana nasema hivi, na mwenye kukasirika akasirike: zile mbinu za ufahamu tunazogawa likizo kama peremende ni uongo. Zimetungwa kumsaidia mtu apate alama bila kusoma, na mwisho wake mtu hapati alama wala hajasoma. Anayepona nazo ni yule ambaye tayari anajua kusoma, na huyo hakuzihitaji. Anayeumia ni mtoto wa Busi, ambaye amekuamini kwa sababu uko chuo.

Tuzichambue. Nilipofika nyumbani safari hii nilimwomba mdogo wangu anionyeshe mtihani mmoja wa majaribio alioufanya kabla ya ule wa taifa. Kifungu kilikuwa kinahusu wakulima waliopewa mkopo. Ndani yake kulikuwa na sentensi hii: "Hardly any farmer failed to repay the loan." Swali likauliza kama wakulima walirudisha mkopo. Mdogo wangu, mwanafunzi wangu mtiifu, akafuata kanuni namba mbili. Akatafuta "repay", akaipata, pembeni yake akaona "failed", "hardly" hakulijua akaliruka kama nilivyomfundisha kwenye kanuni namba tatu. Akaandika kwamba wakulima walishindwa kulipa. Sifuri.

Sentensi inasema kinyume kabisa! Inasema karibu hakuna mkulima aliyeshindwa. Maana yote ya sentensi ilikuwa imebebwa na kile kineno kidogo alichokiruka. Na ndivyo vifungu vigumu vilivyo. Maneno makubwa makubwa mara nyingi hayana madhara, unaweza usijue jina la ugonjwa au la mashine na bado ukaelewa habari. Yanayoua ni haya madogo: "hardly", "unless", "although", "despite". Au "few" na "a few", ambayo kwa macho yanafanana, lakini "few farmers" ni wachache mno hata unasikitika, na "a few farmers" ni wachache lakini wapo. Sasa mtu anayewinda neno kubwa ataviona wapi vitu hivi?

Kuna mtego mwingine ambao sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote tuisheni, nimeugundua chini ya mti pale nyumbani nikisoma na vijana. Mnajua mtaani tunakiita Kiingereza "ngeli". Haya, tatizo la ngeli ni kwamba haina ngeli! Chukua sentensi yetu: kikombe kilianguka juu ya meza kikavunjika. Mtoto wa darasa la pili anajua kilichovunjika ni kikombe. Ingekuwa meza tungesema ikavunjika. Kiambishi kinakushika mkono kinakupeleka. Kiingereza kinasema "it broke", basi, utajijua mwenyewe. Kwenye kifungu kirefu kuna "it" na "they" na "this" kila mstari, na kila moja inamrejelea mtu au kitu kilichotajwa huko juu. Sisi tuliozoea kushikwa mkono na ngeli zetu tunapotelea hapo. Unafika aya ya tatu hujui tena nani anamfanyia nani nini, unadhani hujui maneno kumbe umepoteza watu.

Je, kuna mbinu ya tuisheni inayomwambia mtoto, kila ukikutana na "it" simama ujiulize, nani huyu? Hakuna. Wanamwambia achague jibu refu.

Sasa nasikia sauti zenu. Nilipoanza mada hii juzi chumbani, mwenzangu mmoja, kipanga wa mjini aliyesoma ingilishi midiamu tangu chekechea, akanicheka. "Bwana we, tatizo ni lugha tu. Kule kwenu ngeli haipandi. Wafundishwe kwa Kiswahili, kwisha habari."

Sikatai kwamba lugha ni mzigo. Mtoto anasoma miaka saba kwa Kiswahili, anaingia Form One anaambiwa kuanzia leo biolojia, historia, jiografia, vyote ni Kiingereza. Hilo si geni. Tume ya Makweta mwaka 1982 ilipendekeza sekondari zihamie Kiswahili kuanzia 1985, serikali ikakataa. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walipima wanafunzi wetu wakakuta wengi hawana Kiingereza cha kutosha kusomea masomo mengine. Sera ya Elimu ya 2014 ikaandika kwamba Kiswahili kitumike ngazi zote, lakini darasa la kemia la shule ya kata halikubadilika. Matokeo ya Kidato cha Nne ya 2012 yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa zaidi ya 240,000 walikuwa wamepata sifuri, kama sita katika kila kumi. Nchi nzima ikashika kichwa, Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, matokeo yakafutwa yakapangwa upya. Kwa hiyo mwenye hoja ya lugha ana haki ya kuisema na mimi namuunga mkono.

Lakini si hoja yote. Na nina ushahidi, nao niliupata bila kuutafuta.

Wiki ya pili nyumbani tulikuwa vijana tisa chini ya mti, mdogo wangu, wenzake wawili wanaorudia mtihani, na sita wa Kidato cha Nne wa mwaka huu. Nikawaza, ngoja niwape kifungu cha Kiswahili nione. Vitabu havipo. Gazeti halifiki. Nikamwomba baba mdogo kama ana karatasi yoyote yenye maandishi marefu. Akaingia ndani akatoka na karatasi ya mkopo aliochukua msimu uliopita kwa ajili ya mbegu na kulimia alizeti. Nikanakili aya moja ubaoni, ubao wenyewe ni mlango wa stoo. Ndani yake kulikuwa na maneno haya: mkopaji hatatozwa faini isipokuwa marejesho yatachelewa kwa zaidi ya siku 30.

Nikauliza swali. Mkopaji amechelewa siku 20. Je, atatozwa faini?

Saba kati ya tisa wakasema ndiyo. Nikauliza kwa nini. "Si amechelewa? Hapo pameandikwa faini, na pameandikwa kuchelewa."

Hicho ni Kiswahili, jamani. Hakuna "hardly" hapo. Kila neno wanalijua tangu utotoni. Lakini walifanya kile kile: wakawinda maneno mawili wanayoyaona kwenye swali, wakayapata, wakaacha "isipokuwa" na "zaidi ya" pembeni kama makapi. Sasa niambie, tukibadilisha lugha ya mtihani kesho asubuhi, watoto hawa watapona? Nusu ya mzigo utashuka, ndiyo. Nusu nyingine itabaki mgongoni.

Halafu likatokea ambalo sikulitegemea. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni, anashona gunia. Akasema taratibu, "Mimi nilichelewa siku 20."

Nikageuka. "Ikawaje baba?"

"Akaja kijana wao na pikipiki. Akasema faini. Nikauza mbuzi wawili."

Akaomba ile karatasi. Akaisoma midomo ikicheza, kidole kinafuata mstari, akarudia mara mbili. Baba mdogo amemaliza darasa la saba, anasoma vizuri, msikitini akipewa tangazo analisoma bila kukwama. Akafika mwisho wa mstari, akasema, "Kumbe." Akaikunja karatasi akairudisha mfukoni, akaendelea kushona gunia lake. Hatukusema kitu. Vijana walikuwa wanaangalia chini.

Mkopeshaji simtaji, maana ugomvi wangu leo hauko naye. Nawaambia tu kwamba tangu siku ile sitaki tena kumsikia mtu akisema ufahamu ni alama za bure za kukusanya haraka haraka ili uwahi insha. Ile aya moja ilikuwa na thamani ya mbuzi wawili.

Hoja ya pili mtakayoniletea ni muda. "Pepa ina masaa yake, huwezi kukaa kusoma kifungu mara mbili." Nimepima. Kifungu cha maneno 400 ukikisoma polepole, polepole kweli, na kidole, hakifiki dakika tano. Mdogo wangu kwa mbinu zangu za kuwinda alikuwa anatumia dakika 20 kwenye sehemu ile, kwa sababu kila swali anaanza upya kupekua kifungu kizima kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Maswali matano, mapekuo matano. Aliyesoma mara moja kwa akili anajua jibu liko aya ya ngapi, anarudi pale pale kuhakikisha. Anayesoma ndiye anayeokoa muda!

Na kuhusu kusoma maswali kwanza, nisionekane mkorofi. Kuyatupia jicho si dhambi, yanakuambia habari inahusu nini. Dhambi ni kuyasoma halafu usikisome kifungu.

Kuna mwingine akaniambia, "Mbona hata Marekani wamefupisha?" Ni kweli. SAT, ule mtihani wanaoutumia kuingilia vyuo vyao, na ambao hata Watanzania wanaotafuta skolashipu za huko huufanya, umehamia kwenye kompyuta, nje ya Marekani mwaka 2023 na kwao 2024. Zamani kifungu kilikuwa maneno 500 hadi 750 na maswali kumi au zaidi. Sasa ni maneno 25 hadi 150, swali moja. Lakini angalia vizuri. Kifungu cha maneno 80 na swali moja hakina pa kuwinda. Ukiruka neno moja la kugeuza maana umekwisha. Wamefupisha kifungu, kusoma hawakukufuta. Halafu ukishaingia chuo, nani atakufupishia kitabu?

Hapo ndipo ninapotugeukia sisi wenyewe. Maana rahisi kuwasema watoto wa Busi.

Sisi tulioko hapa kampasi, tulivuka mlango kwa mbinu zile zile. Lekchara akitoa makala ya kurasa 30 tunafanyaje? Tunaunda kundi la watu sita, kila mtu kurasa tano, siku ya kuwasilisha kila mmoja anasoma kipande chake na hakuna hata mmoja anayejua mwandishi alisema nini. Siku hizi hata kugawana hatugawani, mtu anabandika makala kwenye simu, AI inamfupishia, anachapa msuli kwenye ule ufupisho. UE ikija na swali linaloanza na "to what extent" tunamwaga kila tunachokikumbuka kuhusu mada, swali lenyewe hatujalisoma. Sapu ikitoka tunamlaumu lekchara kwamba ana roho mbaya. Mimi nimo, nina sapu yangu ya mwaka wa kwanza, swali lilikuwa na "except" ndani yake. Najua ninachosema.

Halafu likizo ikifika tunapanda gari kwenda nyumbani, watoto wanatukusanyikia, na sisi tunawagawia ugonjwa ule ule tunaougua.

Sasa tulifanya nini Busi? Nawaambia kwa ufupi, si kwa kujisifu, maana matokeo hayajatoka na sijui yatakuwaje. Tulifanya wiki sita, jioni baada ya kazi, saa moja tu.

Kwanza nilimwambia mdogo wangu achane ile kurasa ya mbinu. Akakataa kuichana, akasema daftari ni pesa, akaikata kwa mistari miwili.

Kifungu kimoja kwa siku, si kumi. Tunakisoma kwa sauti, kila mtu aya yake. Mwisho wa kila aya kalamu chini, mmoja anasimulia aya inasema nini kwa lugha anayotaka, Kiswahili au Kirangi. Hapa nilipata mshangao. Mtu anayesoma Kiingereza kwa mbwembwe akiambiwa asimulie kwa Kirangi anakosa la kusema, na yule anayegugumia anasimulia vizuri kabisa. Kumbe tulikuwa tunapima ulimi tukidhani tunapima akili.

Kila "it" na "they" tunachora mshale kurudi kwa mwenyewe. Kila "unless" na "although" tunaizungushia duara na kusema sentensi ile upya kwa maneno yetu. Neno gumu haturuki, wala hatukimbilii kamusi. Tunaangalia majirani zake: anayefanya ni nani, kitendo ni kizuri au kibaya, sentensi inayofuata inasemaje. Mara nyingi maana inajitokeza nusu, na nusu inatosha kuendelea. Lisipojitokeza tunaweka alama na kusonga mbele, mwisho tunarudi.

Sentensi ndefu tunaivunja. Tafuta kitendo, tafuta mwenye kitendo, vingine ni mapambo, utavirudisha baadaye. Mdogo wangu alisema ni kama kupepeta alizeti, unaanza kwa kutoa maganda upate punje. Sikumfundisha hilo, ni lake.

Na jibu hatunakili. Ni marufuku kutumia sentensi ya kifungu kama ilivyo. Kama huwezi kulisema kwa maneno yako bado hujalijua, soma tena.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa mateso. Wawili waliacha, walisema mimi nawachelewesha, wenzao wa tuisheni wamemaliza pasti pepa za miaka kumi. Sikuwalaumu. Ukishazoea kukimbia, kutembea kunaudhi. Wiki ya tano nikarudia ile sentensi ya wakulima na mkopo, nimebadilisha maneno kidogo. Mdogo wangu akasoma, akarudi nyuma, kidole kikasimama kwenye "hardly". Akacheka peke yake. "Kaka, walilipa hawa."

Basi. Ndiyo mafanikio yenyewe. Wala sisemi atapata A.

Kuna jambo moja la historia lililonitia moyo. Baada ya ile ripoti ya 1984, Waingereza walifadhili mradi wa Kiingereza mashuleni ulioanza 1987, na moja ya kazi zake ilikuwa kupeleka vitabu vyepesi vya hadithi ili wanafunzi wasome tu, wasome kingi. Sawa, unaweza kusema walikuwa wanalinda lugha yao, na hutakuwa umekosea. Lakini kwamba mtu hujifunza kusoma kwa kusoma, hilo walilijua. Sisi leo tuna shule nyingi kuliko wakati ule, na mwanafunzi anaweza kumaliza miaka minne ya sekondari hajamaliza kitabu kimoja kwa ajili ya nafsi yake. Anasoma uchambuzi wa riwaya, riwaya yenyewe hajaiona. Halafu tunashangaa kifungu cha kurasa moja kinamtisha kama simba.

Mtasema serikali ilete vitabu, ilete walimu. Naam, ilete. Mwalimu mwenye darasa la watoto wengi na kitabu kimoja anachorudi nacho nyumbani hawezi kumsomesha kila mmoja kwa sauti, simsemi. Tusiache kudai. Lakini sisi tunapanda gari kwenda nyumbani mara mbili kwa mwaka. Kidato cha Sita wanaingia kwenye pepa Mei, Kidato cha Nne Novemba. Bumu likiingia tunanunua kava jipya la simu. Riwaya nyembamba ya mtumba haifiki bei ya kava.

Ombi langu ni dogo. Likizo fupi ijayo, unapofunga begi, weka kitabu kimoja, kimoja tu, cha lugha yoyote. Ukifika nyumbani na mdogo wako akakuuliza, "Kaka, dada, nipe mbinu za ufahamu," mwambie huna. Mwambie, kaa hapa tusome. Atakuona umechuja. Vumilia.

Mimi mdogo wangu anaingia tena mwezi ujao, safari hii kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kituo chake ni mwendo mrefu kutoka nyumbani, itabidi alale kwa watu. Jana kanipigia. Sikumwuliza amemaliza pasti pepa ngapi. Nikamwuliza leo umesoma nini. Akasema mifuko ya mbolea imeandikwa maelezo nyuma, Kiingereza na Kiswahili, alikuwa anailinganisha.

"Na unajua kaka," akasema, "Kiswahili wamekosea mahali pamoja. Wameacha 'unless'."

Nawasilisha.